Safu ya Kulia

Jedwali langu lina safu mbili.
Ya kushoto imejaa: laki nne,
dola za Washington, zimepigwa muhuri, zinangoja
kama bwana harusi aliyekwisha kuvaa.
Ya kulia ni ya jimbo. Ni nyeupe
kuliko uwanja wa chuo leo asubuhi,
na theluji imefika kwenye vishikio vya baiskeli.

Sharti ni moja: dola kwa dola.
Asiyeweka chake hapewi cha mwenzake.

Profesa Oftedal anataka kupima visima themanini
kusini-mashariki mwa Dakota Kaskazini,
kutafuta aseniki, sumu isiyo na rangi wala harufu,
ambayo hunywewa na kahawa miaka ishirini
ndipo ijitambulishe.
Mimi si mwanasayansi. Mimi ni Lorna Vetsch, karani wa ruzuku.
Kazi yangu ni kuhakikisha kushoto na kulia vinasalimiana.

Februari mswada ukafika kamatini, Bismarck.
Delbert Schauer, mkulima wa ngano, kisima namba sitini na moja,
aliendesha saa tatu na nusu juu ya barafu
akapewa dakika mbili.
Moja aliitumia kutafuta miwani.
Seneta mmoja akauliza, kwa upole, nakiri,
kwa nini jimbo lilipie kuchungulia visima vya watu binafsi.
Delbert akasema: "Kisima ni changu. Maji yaliyo chini
sijui ni ya nani. Nilidhani ninyi mnajua."
Wakacheka. Wakampenda. Wakakata nusu.

Nusu kwa nusu, basi. Washington nayo ikakunja mkono.
Visima themanini vikawa arobaini,
na kompyuta ikapiga kura, maana sayansi haina mjomba.
Delbert akapata.
Jirani zake, akina Kvamme,
wenye mtoto wa miezi minne na chupa sita za maziwa ya unga kwa siku,
hawakupata.

Akanipigia simu: "Futa changu, andika chao.
Nina miaka sabini na tisa, hiyo sumu itanikuta wapi?"
Nikamwambia haiwezekani. Nikamweleza kwa nini.
Nilieleza vizuri sana.
Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

Usiku ule nikasoma kanuni, ukurasa wa thelathini na tatu:
saa za mtu anayejitolea zina bei,
nazo huhesabiwa upande wa kulia.
Safari ya Bismarck haimo; kushawishi wabunge hakuhesabiwi.
Lakini kubeba chupa kumo.
Kufukua theluji mdomoni pa kisima kumo.
Kushika tochi kumo.

Tangu hapo Delbert huniletea saa zake
nyuma ya risiti za chakula cha ng'ombe,
kwa penseli: *Jumanne, saa sita, vidole vimekufa ganzi.*
Ganzi haina mahali pa kujazwa. Sita naziandika.
Na kila dola yake moja ikiingia,
Washington inaamka, inamletea nduguye.

Machi tukapata kisima cha arobaini na moja.
Orodha ikasema: zamu ya nyumba ya Tollerud,
isiyo na mtu tangu paa lake lianguke.
Delbert aliitazama karatasi.
"Nani anakunywa pale?"
"Sungura," nikasema.
Tukaenda. Pampu ya mkono ilikohoa kutu kwanza,
kisha ikakumbuka.
Chupa mbili, lebo, saa, sahihi.

Akina Kvamme ni wa tatu kutoka hapo.
Nimepiga hesabu mara mbili, kwa penseli yake:
saa mia moja na nne.
Ameniuliza theluji itayeyuka lini,
halafu akajijibu mwenyewe.
Ana wiki tano kabla ya kupanda ngano.